Mashine ya Salfa Kichwani mwa Mpwa Wangu

Alhamisi, Likombe. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye uji, na mie nimenuna.

Nina miaka sabini na nane. Nimezika wake wawili, kaka watatu, na dada yangu Somoe ambaye hakuwa na mfano. Mabomu ya Mreno yamevuka mto yakaanguka karibu na shamba letu nikiwa kijana, sikukimbia. Waliokimbia niliwakuta mbele ya safari na nikawapita. Ruvuma umekula shamba langu la mpunga mara mbili na mara mbili nimelima jingine. Mamba alinishika mguu, akaonja, akaniachia. Kipindupindu kilipiga nyumba za kulia kwangu na za kushoto kwangu.

Na bado, pamoja na yote hayo, leo nimeshindwa na mwanamke mmoja mwenye kanga iliyopauka, mbele ya wodi nzima.

Kwa mnaofika hapa mara ya kwanza: mimi ni Mzee Chitanda wa Kitaya, kijiji cha kando ya Ruvuma, mkulima wa korosho. Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu. Kusoma nimejifunza ukubwani, darasa la watu wazima, na kwa kusoma hakuna aliyenifikia pale, mwalimu mwenyewe alikiri. Ukurasa huu nilifunguliwa na binti yangu Hadija, mwalimu hapa Likombe mjini, ambaye ndiye ninayekaa kwake sasa. Anataka awe ananisahihisha kabla sijapeleka. Nimemwambia akasahihishe watoto wa serikali.

Habari yenyewe ni ya Hamisi, mtoto wa marehemu Somoe. Mpwa wangu.

Wa kutoka bara mtaniuliza, baba yake hayupo? Yupo, mzima, ana mbuzi wake, tunaheshimiana. Lakini kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na neno zito la mtoto hulisema mjomba. Harusi, jando, kesi, kaburi. Baba yake Hamisi ukimuuliza jambo kubwa atakwambia, mwendeeni mjomba wake. Na mjomba aliyebaki ni mimi peke yangu. Wengine wote nimewazika, nimeshasema.

Basi mwezi uliopita mikorosho ilikuwa inatoa maua, na Hamisi ndiye aliyebeba mashine ya kupulizia salfa kwenye mashamba yetu. Mjue kwamba maua ya korosho yana adui anaitwa ubwiri unga. Ni fangasi. Unaona ua jeupe jeupe kama limemwagiwa unga wa muhogo, wiki mbili halipo, na korosho haipo. Dawa yake ni salfa, alfajiri, kabla umande haujakauka. Mie na ubwiri unga tumepigana miaka hamsini. Salfa niliyoivuta mimi ingejaza ghala.

Hamisi akaanza kuumwa kichwa. Akasema, mjomba, kuna mtu ameniwashia mashine ya salfa kichwani na hataki kuizima.

Tukacheka. Wote. Tukasema ni salfa imepanda, hajazoea, vijana wa sasa mapafu yao ya karatasi. Nikaagiza anywe maziwa, kwa sababu kwetu anayepuliza dawa hunywa maziwa, na mimi nimekunywa maziwa na nipo. Akanywa. Kichwa palepale.

Zahanati wakampima malaria, hakuna. Wakampa vidonge vya maumivu. Akarudi akatundika kanga dirishani kwa sababu mwanga ulikuwa unamchoma. Akawa anatapika bila kula. Siku moja akamwambia mkewe, Asumini, kwamba anawaona Asumini wawili. Hapo tena tukacheka, tukasema huyu bwana kaoa mke wa pili bila kutoa mahari.

Sisi ni watu wa kucheka sana. Nimeligundua hilo mwezi huu.

Alipoanza kuongea na mama yake, ambaye nilimshusha kaburini kwa mikono yangu hii, watu wakaacha kucheka wakaanza kusema jini. Akaja mtu kutoka kijiji cha pili anataka apewe jogoo mweusi na chumba kisicho na taa. Nilimfukuza. Hilo nataka liandikwe vizuri, kwa sababu kwenye habari hii yapo machache niliyoyafanya sawa na hilo ni moja.

Asumini hakungoja jini wala mimi. Alikodi bajaji, akamlaza mumewe mapajani, akaja naye hospitali kubwa mjini. Mimi nikabaki. Maua hayasubiri mgonjwa, na mtu wa kumaliza kupuliza alikuwa mimi.

Sasa simu. Nyie wa mjini hamjui shida hii. Kitaya ukisimama vibaya, simu yako inavuka mto yenyewe, inashika mtandao wa Msumbiji, inakukaribisha kwa Kireno. Hadija alinipigia mara nyingi nikiwa Mreno. Mpaka nilipopanda juu ya kichuguu nyuma ya banda ndipo nikamsikia analia.

Akasema wamempima damu kwa kijiti kidogo, wameona kuna fangasi, wanadhani imeingia kichwani. Wanataka kumtoa maji ya mgongo. Asumini amekataa kutoa ruhusa mpaka mjomba aseme.

Nikasema, asiguswe mpaka nifike.

Nilisema kwa sauti, nimesimama juu ya kichuguu, na nilijisikia mkubwa.

Lazima nieleze hofu hiyo, msije mkadhani mie mjinga. Kwetu kila mtu anajua habari ya maji ya mgongo. Fulani alitolewa, akafa. Fulani mwingine alitolewa, akapooza. Tunasema maji yale ndiyo yanayoshikilia roho. Hakuna anayeuliza huyo fulani alifikishwa hospitali akiwa katika hali gani, maana sisi tunampeleka mtu hospitali wakati mlango wa kaburi umeshafunguliwa, halafu tunamlaumu aliyemshika mwisho.

Nikafika. Usafiri wa kutoka kwetu mnaujua, kwa hiyo nilifika kesho yake, adhuhuri, nguo zangu bado zina salfa.

Daktari ni binti mdogo, mtu wa Bukoba, amevaa viatu vya mpira kama anakwenda kucheza. Nilitaraji mzee mwenzangu. Alinisalimia vizuri, shikamoo yake ilikuwa kamili, akanipa kiti, na yeye akabaki amesimama. Hapo nikamwona ana malezi.

Akaniuliza kama najua kwamba Hamisi ana virusi na kwamba aliacha vidonge vyake. Nilikuwa najua la kwanza. La pili sikujua. Hamisi alivuka mto pale Kilambo kwenda kulima ufuta ng'ambo, akaacha kopo la vidonge nyumbani, akaona siku zinapita na haumwi, akaona basi. Aliporudi akaona aibu kurudi kliniki.

Hili siandiki kwa umbea. Nimemwuliza mwenyewe juzi kama niliseme au nilifunike. Akanijibu, "Andika, mjomba. Wote tuliowafunika tumewazika."

Basi daktari akanieleza. Kwamba fangasi hii inakaa kwenye vumbi, kwenye mavi ya ndege, kila mahali. Inavutwa na pumzi. Mwili wenye nguvu unaizika, haisikiki tena. Mwili ambao askari wake wamelala, inatoka mapafuni inapanda kichwani, inakaa kwenye maji yanayozunguka ubongo, inazaana. Akasema hata mimi bila shaka nimeivuta.

Nikamwambia, naam, na mwili wangu umeizika, kama ulivyozika wengine wote.

Akacheka kidogo. Nikaona hapa tutaelewana, nikaanza kumfundisha. Nikamwambia binti, fangasi usinifundishe, mimi naitambua kwa harufu kabla haijaonekana kwenye ua. Nikamwuliza, dawa yake ipo? Akasema ipo, na safari hii hata ile ya chupa, ya kuingizwa mshipani, ipo. Nikasema basi mpe dawa, mgongo wa nini? Mimi siutoboi mti ili niue ubwiri.

Akasema, "Mzee, dawa itaiua fangasi polepole. Maji yanamuua Hamisi haraka."

Akaeleza kwamba yale maji yamejaa hayana pa kutokea, yanaukandamiza ubongo, yanakandamiza na mishipa ya macho. Kwamba ndiyo hiyo mashine anayoisikia. Kwamba sindano inaingia chini kabisa, mahali ambapo uti wenyewe umeshaisha, na haitoi roho ya mtu. Kwamba walitaka kuifanya jana.

Jana. Alilisema bila kunitazama.

Na mimi nikasema hapana. Ndiyo, baada ya maneno yote hayo. Nilisema nitafikiri. Mtu akishatangaza jambo juu ya kichuguu si rahisi kushuka.

Nikaenda kumwona mgonjwa. Kitanda chake kilikuwa dirishani, safari hii hapana kanga, jua limemwagika mpaka kwenye shuka. Asumini amekaa chini, amemshika kisigino. Hamisi macho yamefunguka, yanatazama mlangoni, nikadhani ananitazama mimi. Nikainua mkono. Hakufanya kitu. Nikasogea, nikapunga mbele ya pua yake. Hakupepesa.

Akavuta pumzi. Akasema, "Mjomba. Umekuja na salfa."

Nikasema nimekuja.

"Mbona mmekaa gizani?" akasema. "Washeni basi taa."

Adhuhuri ile.

Sikufikiri tena. Nilirudi kwa yule binti, nikamwambia toa maji, toa yote, na mimi nitakuwepo. Wakaniletea wino wa dole gumba. Nikawaambia mimi si wa dole gumba. Nikaandika jina langu zima, la baba na la babu, wakasubiri.

Walimlaza ubavu, magoti kifuani, kidevu kifuani, kama mtoto tumboni. Mimi ndiye niliyemshika asinyooke. Nilimshika hivyo hivyo siku ya jando lake, na siku ile pia alitoka jasho na hakulia. Daktari akapapasa mifupa ya kiuno, akachoma ganzi, akaingiza sindano, akaunganisha kijibomba chenye namba, kimesimama. Maji yakapanda. Yakapanda namba zote, yakafika juu, yakamwagika.

Na yalikuwa meupe. Hapo ndipo nilipochoka. Nilitegemea kitu cheusi, usaha, uchafu wa kutisha, kitu cha kutosha kumtesa mtu kiasi kile. Maji safi kama ya kisimani. Adui yangu mimi shambani angalau anaonekana.

Akayatoa polepole, kidogo kidogo, mengine kwenye vichupa vya kupimia. Nikausikia mwili wa Hamisi unalegea mikononi mwangu, kwanza shingo, halafu mabega. Nikaogopa. Nikasema ndiyo hiyo roho, inatoka, na ni mimi niliyeandika jina.

Kisha akasema taratibu, kama mtu anayeamka kivulini, "Nani ameizima?"

Wengine hawakuelewa. Mimi nilielewa.

Nikatoka nje. Nilimwambia muuguzi nina salfa machoni.

Mngedhani yameishia hapo. Ndiyo maana nimenuna, hayakuishia hapo. Kesho yake mashine ikawaka tena, na yule binti akaja tena na sindano. Nikamwambia si mlishatoa? Nikasema mnamtoa maji mtu kama nazi. Akaniuliza kwa upole, mzee, mikorosho yako unapuliza mara moja kwa msimu?

Sipendi kupigwa kwa fimbo yangu.

Basi ikawa kila asubuhi, mgongo, na kila asubuhi mimi ndiye mshikaji. Na dawa yenyewe. Kuna chupa moja kubwa, rangi yake ya manjano kama mchuzi wa bizari, ilipita mara moja tu, lakini kabla yake wakamjaza maji ya chumvi, na ilipokuwa inaingia akatetemeka kitanda kikalia. Halafu vidonge. Vya asubuhi, vya mchana, vya alasiri, vya kulala. Hata kuku hadonoi mara nyingi hivyo. Halafu wanataka damu ya kupima figo, maana dawa inayoua fangasi inaweza kuchokoza figo. Halafu wanataka mkojo wake wote upimwe, na anayebeba chupa ya mkojo ni nani? Mimi. Mwenyekiti wa kijiji mstaafu, niliyepokea wageni wakubwa. Napita na mkojo koridoni naamkiwa shikamoo.

Na kila mtu ana sauti ya upole. Hakuna kinachoudhi kama kusubiri wakati kila mtu ana sauti ya upole.

Ila kichwa kilianza kutulia. Sindano ya tatu, ya nne, mashine ikawa ya mbali. Hamisi akawa anajua yuko wapi. Akauliza maua yamekuwaje, nikamwambia mazuri, akasema nadanganya, nikajua akili imerudi. Macho tu. Macho yalibaki kule kule.

Sasa nifike leo.

Tangu wiki iliyopita kitu kimoja kinanikera. Kama chanzo ni askari wamelala kwa sababu vidonge vya kufubaza virusi viliachwa, mbona hawampi vidonge hivyo? Nilimwuliza daktari, akasema bado, mpaka wiki kadhaa zipite. Nikasema wiki? Mtu nyumba inaungua, unamwambia zimamoto waje mwezi ujao? Akaeleza, lakini alikuwa anaitwa kitanda kingine, na mimi nilishakasirika, na mtu aliyekasirika hasikii ila neno lake.

Na mimi sikuja mikono mitupu. Nilipotoka Kitaya nilibeba kopo la Hamisi, lile aliloliacha alipovuka. Limekaa kwenye mfuko wa koti langu muda wote huu. Nilikuwa nasubiri wenyewe wajirudi. Hawakujirudi.

Asubuhi hii nikamnyooshea Asumini kopo. Nikamwambia, mpe kimoja baada ya uji, na kila siku hivyo hivyo, asiambiwe mtu. Mimi mjomba nimesema.

Asumini ni mwanamke ambaye akinisalimia anapiga goti. Hajawahi kuniita ila mjomba, hajawahi kula nikiwa sijala. Siku ile angeweza kutoa ruhusa mwenyewe, mke wa ndoa, na hakutoa kwa sababu yangu.

Akalitazama kopo. Akasema, "Hapana, mjomba."

Niliuliza amesema nini, ingawa nilisikia. Vitanda vya jirani vilisikia pia. Wodi ile nusu yake watu wetu, wanajua neno hilo uzito wake. Mama mmoja aliyekuwa anamenya chungwa aliacha kumenya.

Akasimama. Hakupaza sauti, naye amekuwa kama wao wa hospitali. Alisema amemwuliza daktari, akarudi akamwuliza tena, akaenda kwa muuguzi akamwuliza na yeye. Kwamba askari wakiamshwa leo, wakati fangasi bado imejaa, vita vitapigwa ndani ya kichwa, na kichwa kitavimba kuliko mwanzo, na wengi wamekufa hivyo, wamekufa wakiwa wanapata nafuu. Kwamba lazima dawa ya fangasi itangulie isafishe.

Nikamwambia mimi nimepigana na fangasi kabla mama yake hajazaliwa.

Akasema, "Siku ile nilikusubiri wewe, mjomba. Macho yake yakaondoka nakusubiri. Leo simsubiri mtu."

Kuna maneno mtu hajui atayaweka wapi. Nikasema kitu kuhusu adabu, nikasema kitu kuhusu marehemu Somoe, nikasema mwanamke wa leo akishajua kuongea na madaktari basi. Najisikia vibaya hata kuyaandika. Nilikuwa nimesimama katikati ya kitanda na dirisha, nimeinua kopo juu kama mhubiri.

Daktari akaja, ameitwa na mama wa chungwa. Asumini akalichukua kopo mkononi mwangu akampa. Akampa hivyo hivyo, mbele yangu. Daktari akatazama tarehe, akasema hivi vimekwisha muda, na kwamba siku ikifika Hamisi ataanzishwa upya na pengine kwa dawa nyingine, maana aliacha siku nyingi. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza, ningepata pa kushika.

Nikaanza kumjibu. Nilikuwa na hotuba.

Na Hamisi akageuza kichwa kwenye mto.

"Mjomba, kaa chini," akasema. "Unanizibia mwanga."

Nilikuwa na mdomo wazi. Daktari alinisukuma, ndiyo, binti mdogo yule alinisukuma mimi kwa kiwiko, akatoa tochi mfukoni. Akamwuliza mwanga uko wapi. Hamisi akaonyesha dirisha. Akamulika kulia, akamulika kushoto. Jicho la kushoto linajua. La kulia bado. Haoni sura, anaona kivuli na weupe, alisema mimi nilikuwa mti mweusi unaopepea mikono.

Daktari akasema tusishangilie mapema. Akasema linaweza kurudi zaidi na linaweza kuishia hapo. Sauti ya upole. Halafu akageukia ukutani akajifuta pua, nikamwona.

Asumini alikaa chini, akashika kile kisigino.

Mimi nikakaa chini. Nimefukuzwa kwenye mwanga na mpwa wangu na sijawahi kufukuzwa vizuri hivyo.

Sasa ni jioni, niko barazani kwa Hadija, na hasira bado ninayo. Nimejaribu kuitafuta ni ya nani. Si ya daktari. Si ya Asumini, ingawa ningetaka iwe yake.

Salfa ni dawa nzuri. Lakini ukiipuliza saa sita jua likiwa kali, inaunguza maua, na unakosa korosho kwa mkono wako mwenyewe huku ukijiita mkulima. Hilo nalijua miaka hamsini. Nimewafundisha vijana wangapi, nimewatukana wangapi kwa kosa hilo. Na asubuhi hii nilikuwa na kopo mkononi, ni kama saa sita juani, nataka kupuliza.

Hiyo ndiyo hasira yenyewe. Nilikuwa nalijua.

Nimeamua hivi. Kesho kabla ya mgongo nitamwambia daktari, mbele ya watu wetu wote wodini, kwamba kuanzia sasa neno la Hamisi akaliulize kwa Asumini. Mjomba nitabaki. Nitashika, nitabeba chupa, nitatukana pale panapohitajika. Lakini mtu asiache sindano mkononi ananingoja mimi nishuke kichuguuni. Najua Kitaya watasema nimezeeka. Waambieni mwenyewe nimeandika.

Na nyie mlioacha vidonge kwa sababu hamuumwi, na mashine ikawaka kichwani, msinywe maziwa. Nendeni.

Kama kuna anayebisha habari hii, wapo wa kumjibu. Daktari wa Bukoba ni shahidi wa jina langu, niliandika zima. Mama wa chungwa ni shahidi wa yaliyosemwa. Hamisi ni shahidi wa mwanga, na siku akiona sura atashuhudia na mengine. Lakini shahidi mkubwa ni Asumini. Atawaeleza yote, na atawaambia kwamba nilichelewa.

Mwacheni aseme. Asiposema hilo, basi hajasimulia kweli.